Kima Hana Adabu, Ila Ratiba Anayo

Shule zimefungwa juzi tu na hukumu imeshatoka: "Jumapili wapeleke watoto Gede wakapunge upepo." Upepo! Malindi nzima kusi inavuma mpaka makuti yanang'oka, lakini upepo wa barazani hauhesabiki. Lazima uupandie matatu.

Eti mpaka Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, ni kilomita kama 16 tu. Hizo ni za mtu mzima. Za watoto watatu huanza saa mbili kwa kutafuta kiatu kimoja, mkatoka saa nne. Na ndara wasivae: njia za magofuni zina mizizi na mawe ya matumbawe yenye ncha, kidole kikijigonga hapo mtoto hatembei tena, na wa kumbeba ni wewe. Kwenye matatu wawili watapakatwa, wa tatu atatapika. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku 2017, kwa hiyo chukua kopo tupu la samli, na likae mkononi, si chini ya kiti, chini ya mkoba, chini ya shangazi.

Sasa nije kwa kima. Heshima yangu yote ya mzee wa nyumba huishia hapa.

Kima wa Gede wamezoea watu kuliko mashemeji wengine. Hakutazami usoni, anatazama mkono. Tandika kanga chini ya mti, fungua hotpoti ya mahamri, uone. Wa kwanza atashuka akae mita tatu mbali, mikono magotini, kama mzee anayesubiri pilau ya arusi, anaangalia pembeni. Mtoto atasema, "Baba, anacheka!" Hacheki. Kima akikuonyesha meno anakuonya, na mtoto akimrudishia meno yake ya maziwa, vita imetangazwa. Nyote mnamtazama huyu. Kumbe mwenye kazi ni wa pili, yuko nyuma yenu. Mkono mweusi unapita ubavuni, mahamri matatu yameondoka, moja limeingia shavuni (ana vifuko ndani ya mashavu, ameumbwa na mkoba wake), mengine mkononi, na yuko juu ya ukuta wa kasri kabla hujamaliza "Audhubillahi". Halafu anakula la katikati tu, ukingo anautupa! Mahamri ya tui zito na iliki, mtu amekesha akisubiri unga uumuke, mnyama anatupa ukingo!

Usimvute. Nasema tena, mkoba akiushika mwachie. Ukivuta atang'ata, si hamri, ni vidole vyako, na jeraha la kima huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na sindano zake si moja. Kwa hamri! Kuleni kabla ya kuingia. Kinachobaki kiwe ndani ya begi la zipu, livaliwe kifuani, na mtoto asitembee na ndizi mkononi. Wala msimtupie hata ganda. Uhuni huu alifundishwa na wageni waliotaka picha nzuri, sisi ndio tunalipa ada.

Choo kimalizwe langoni, wote watatu, hasa yule anayeapa kwamba hana haja. Huyo ndiye atakayebanwa na haja mbele ya Msikiti Mkuu. Kisimani mshike ukosi, maana hatauliza nani alichimba, atatafuta jiwe. Kaburi lenye tarehe, 802 Hijria, yaani 1399, linawashika sekunde nne. Siafu aliyebeba mguu wa panzi anawashika nusu saa.

Nyumba za pale zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake. Ipo Nyumba ya Kauri, ipo Nyumba ya Mkasi. Hii ya mkasi ndiyo inayoniumiza kichwa. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mkasi ukabaki humo mpaka wachimbaji walipokuja kuanzia 1948. Hebu niambie, mwenyewe alihama bila kuutafuta? Au aliutafuta, akagombana na mkewe, akaulaumu mtoto wa kati, akakata kitambaa kwa kisu? Wetu haujaonekana tangu Ramadhani. Na chini ya kochi nimeshaangalia.