Skrubu ya Miwani Haionekani Bila Miwani

Jamani, aliyebuni skrubu ya miwani alikuwa na ugomvi na watu wenye macho mabovu. Sina maelezo mengine. Kidude chenye unene wa milimita moja na nusu hivi, halafu anakabidhiwa mtu ambaye bila miwani hajui kama aliyesimama mlangoni ni mgeni au ni koti lililotundikwa. Mimi koti nimeshalikaribisha ndani zaidi ya mara moja.

Mguu wa kushoto wa miwani yangu, ule unaokaa sikioni, ulianza kucheza wiki mbili zilizopita. Nikiinama, miwani inateremka mpaka ncha ya pua. Nikiinua kichwa, inapanda yenyewe. Kukaza ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikasema kesho. Kesho hiyo nimeisema siku kumi na mbili, ya kumi na tatu skrubu ikachomoka nikiwa katikati ya sebule. Nikaisikia ikigonga sakafu, ti! Kisha kimya.

Basi nikapiga magoti. Mkono mmoja umeshika miwani ya mguu mmoja mbele ya macho, mwingine unapapasa. Nikaagiza sumaku. Sumaku ikaniletea pini mbili, stepo na kipande cha waya ambacho sijui kimetoka kwenye kifaa gani, nitakijua kikigoma. Skrubu, wapi! Kumbe nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, na chuma hicho mara nyingi sumaku hakiijali kabisa. Aliyeiona ni binti yangu. Alizima taa, akalaza tochi sakafuni, na kila punje ya vumbi ikatoa kivuli kirefu kama mnazi. Skrubu ilikuwa chini ya goti langu. Nilikuwa nimeipigia magoti yenyewe.

Mke wangu akasema neno moja tu: "Gundi usiguse."

Ana sababu zake. Mwaka jana fremu ya plastiki ilikatika pale puani, nikaitia ile gundi inayokauka ukipepesa macho. Iligandisha kwanza kidole gumba. Asubuhi lenzi zote mbili zimepata ukungu mweupe. Nafuta, haufutiki. Mvuke wa gundi ile ukikutana na unyevu wa hewani hugeuka unga na kutua jirani, na jirani yake hapo alikuwa lenzi. Nikatafuta dawa ya kutoa rangi ya kucha, kwa kuwa ina asetoni na asetoni inalainisha gundi. Kweli ililainisha gundi. Ikalainisha na fremu. Polisi wakihitaji alama zangu za vidole wasisumbuke kunipaka wino, zipo kwenye droo, zimechongeka kabisa kwenye plastiki. Halafu jirani akaja na ushauri wake wa kusugua lenzi kwa dawa ya meno. Dawa ya meno ina chengachenga za kukwangua, na zilikwangua kweli, pamoja na ule utando wa kuzuia mng'ao nilioulipia. Tangu hapo jirani nampa salamu tu.

Kwa hiyo safari hii hakuna gundi. Bisibisi ndogo, kitambaa cheupe mezani ili kikidondoka kitu kionekane, na simu imeegemezwa kwenye kikombe, kamera imevuta karibu kabisa. Kazi hiyo inataka mikono minne: wa fremu, wa mguu wa miwani, wa skrubu, wa bisibisi. Mungu amenipa miwili, na wa kulia unatetemeka nikitazamwa. Nilikuwa natazamwa na nyumba nzima.

Lililotokea baadaye lingempata yeyote. Kwenye fremu ya chuma kuna skrubu ya bawaba, na pembeni yake kuna nyingine inayobana lenzi. Kwenye kioo cha simu zinafanana kama mapacha. Nikalegeza pacha mwingine, na lenzi, duara safi, ikabingirika mezani mpaka ukingoni. Binti akaidaka. Nikairudisha, nikabana, nikafunga na ile ya bawaba, mke wangu akadondosha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake ili isilegee tena. Nikavaa. Mguu haukutikisika. Nilijipongeza kwa sauti.

"Lenzi umeirudisha kama ilivyokuwa?" akauliza.

"Mama, hilo ni duara. Duara lina juu na chini?"

Akaniletea cheti changu cha macho. Kuna namba ya mwisho, yenye alama ya nyuzi. Anasema ndiyo inayoonyesha lenzi ielekee upande gani, kwa watu ambao jicho lao halikujipinda sawasawa, na kwamba ukiizungusha hata kidogo mistari inapinda. Mimi siku zote nilidhani ni nyuzi za joto la maji ya kuoshea.

Sasa mimi nimemwacha na cheti chake. Kuona naona vizuri, tena naona mambo ambayo miaka yote hatukuyaona. Sakafu ya sebule inateremka kuelekea dirishani. Rafu ya vitabu imelala. Fundi aliyejenga nyumba hii alitupunja, na mlango wa chumbani ndio umeinama kuliko vyote. Bisibisi bado ninayo mkononi. Naanza na bawaba ya juu.