Jahazi Juu ya Jalada Linasema Nini?

Tazama vitabu vitatu vilivyotandazwa juu ya turubai kando ya barabara, Ngamiani mjini Tanga: diwani ya mashairi, historia ya Pwani na riwaya ya mapenzi. Si ajabu vyote vikawa na jahazi, minazi miwili na jua linalozama. Picha hiyo humwambia mnunuzi kitabu kinahusu wapi. Kwamba ni kitabu cha namna gani, haimwambii.

Wanaotaka jalada litangaze waziwazi utanzu wa kitabu, yaani aina yake, wana hoja nzito. Mchuuzi anayepita madirishani mwa basi pale stendi ya Kange ana sekunde chache tu, na abiria anakitazama kitabu kutoka juu. Bastola, kivuli cha mtu mwenye kofia na herufi nene nyekundu humaliza kazi: upelelezi. Kampuni ya vitabu ya Penguin ya Uingereza, ilipoanza mwaka 1935, iliachana na picha ikatumia rangi: ya machungwa kwa riwaya, kijani kwa upelelezi, buluu kwa wasifu. Lakini rangi hufundishika pale tu vitabu vingi vya mchapishaji mmoja vinapokaa pamoja rafuni. Mwandishi aliyejichapishia nakala mia tano hana rafu hiyo.

Na jua la Tanga halijui utanzu. Wino mwekundu na wa njano hutangulia kupauka, wa buluu na mweusi hubaki. Kitabu kikianikwa juani kwa muda mrefu, dimbwi la damu hufifia likawa kama maji, na riwaya ya mauaji ikafanana na mwongozo wa uvuvi.

Upande wa pili husema jalada linalopiga kelele za utanzu huukata kitabu mabawa. Mfano uko hapa hapa nyumbani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alitoa Kusadikika, riwaya kuhusu nchi ya jina hilo, mwaka 1951. Ukiichora nchi hiyo kama ilivyoelezwa, imening'inia angani, mzazi atamnunulia mtoto wa darasa la tatu akidhani ni ngano. Ukimchora Karama, mhusika wake mkuu, mbele ya baraza akijitetea, msomaji atadhani ni hadithi ya kesi. Kila picha ina ukweli wake, na kila moja inapotosha.

Kwa hiyo mzigo huu picha isitwishwe peke yake. Neno moja chini ya jina la kitabu, "riwaya", "tamthiliya" au "diwani", halimgharimu mtu chochote, na ni ajabu jinsi linavyosahaulika. Ila nalo lina namna yake ya kuharibika. Kwenye jalada la A5, yaani milimita 148 kwa 210, herufi zikipungua pointi 14 haziwafikii wasomaji wa dirishani. Likiwekwa karibu na ukingo, kisu cha mpiga chapa kinaweza kulipunguza. Picha ivuke ukingo kwa milimita 3, lakini maandishi yakae ndani kwa milimita 10 hivi. Kona ya chini ndiyo mbaya zaidi. Kadi ya gramu 250 kwa mita ya mraba iliyofunikwa plastiki upande wa nje tu hunyonya unyevu wa bahari kwa upande wa ndani, ikavimba, jalada likajikunja kuelekea nje, na neno lako likaenda nalo.

Mgongo nao usisahaulike, maana vitabu vikipangwa wima ndio unaoonekana. Kurasa 200 za karatasi ya gramu 80 hutoa mgongo wa milimita 10 hivi, jina na utanzu vinaenea. Kurasa 60 hutoa milimita 3: hapo usijaribu.

Kwenye simu, hata hivyo, neno dogo hufa na picha hubaki peke yake. Kabla faili halijaenda kwa mpiga chapa, lipunguze jalada hadi upana wa sentimeta 2, mwonyeshe mtu asiyekijua kitabu, umuulize ni kitabu gani. Akijibu "cha Pangani", mrudishie msanifu jahazi lake.