Milisekunde moja ya kukoroga

Mwezi uliopita jiko langu la gesi lilianza kutoa moto wa njano, sufuria zikawa nyeusi tii kwa masizi. Nikachokonoa matundu ya hewa kwa sindano, vumbi likatoka, moto ukarudi wa bluu. Gesi ilikuwepo muda wote, ila haikupata hewa ya kutosha njiani.

Sasa nikisikia mtu anasifia ndege ya mara tano au kumi ya kasi ya sauti, nauliza: mafuta yanakorogwa saa ngapi? Ndani ya skramjeti, injini ya ndege za namna hiyo inayochoma mafuta kwa hewa inayoingia mbele kwa kasi, hewa inabaki juu ya kasi ya sauti. Ikienda mita 1,500 kwa sekunde, chumba cha mwako cha mita moja na nusu inakimaliza kwa milisekunde moja. Humo humo mafuta yaingie, yachanganyike, yawake, yaishe.

Kasi yenyewe inazuia kukoroga. Mikondo miwili, wa mafuta na wa hewa, ikipishana taratibu, katikati huzaliwa vizingia, yaani mizunguko midogo, vinavyomezana na kuvuta hewa. Mwaka 1988 watafiti Papamoschou na Roshko wa chuo cha Caltech, Marekani, walionyesha kuwa kwenye kasi kubwa ukanda huo wa kuchanganyika hupanuka kwa kiwango kinachoshuka hadi karibu moja ya tano ya kawaida.

Dawa ya haraka ni kusimamisha vyuma vya kupulizia mafuta katikati ya mkondo. Vinakoroga kweli, lakini vinazaa mawimbi ya mshtuko, presha inapotea na msukumo nao. Tena lazima vipozwe visiyeyuke! Mimi niko upande wa kishimo kinachochongwa ukutani. Hewa kidogo hunaswa humo na kuzunguka kama maji nyuma ya jiwe la mtoni. Moto unatulia hapo, unawasha yanayopita. Kwenye injini pana, nakiri, mafuta ya ukutani hayafiki katikati, na vyuma vina nafasi yake.

Novemba 2004 X-43A, ndege ya majaribio ya NASA isiyo na rubani, ilikaribia mara kumi ya kasi ya sauti kwa haidrojeni, injini ikiwaka sekunde kama kumi. Mimi naienzi zaidi X-51A, ya majaribio ya jeshi la anga la Marekani, iliporuka Mei 2013: mara tano tu na ushei, lakini sekunde 210, tena kwa JP-7, mafuta mazito ya ndege ya jamii ya mafuta ya taa, yaliyotanguliwa na gesi ya ethilini ili yawake. Yalipitishwa kwanza kwenye kuta za injini, yakazipoza na yenyewe yakapata joto, hivyo chumbani hapakuwa na kungoja matone yageuke mvuke.