Mfupa wa ng'ombe kwenye taya la shangazi

Shangazi yangu wa Majengo, Moshi, alirudi kutoka kwa daktari wa meno amenuna. Magego yake ya juu yaling'olewa miaka mingi iliyopita, sasa anataka vipandikizi, yaani skrubu za kushikilia meno bandia mfupani, na picha imeonyesha mfupa uliobaki chini ya sainasi, ule uwazi wa hewa ulio juu ya magego, ni milimita 3 tu. Kipandikizi chenyewe kina urefu wa milimita 10, kwa hiyo utando wa ndani ya sainasi utainuliwa na nafasi iliyo chini yake ijazwe. Akaambiwa achague: achotwe mfupa wake mwenyewe nyuma ya taya la chini, au ajaziwe chembechembe za mfupa wa ng'ombe.

“Yaani makongoro niyanywe asubuhi, halafu mengine yakae kwenye taya?” Alicheka, lakini uamuzi alikuwa nao tayari. Chako ni chako.

Wengi hapa mjini wangejibu hivyo, na si jibu la kipuuzi. Mfupa wa mtu mwenyewe una seli hai, hupona mapema, haununuliwi kwa kichupa kutoka ng'ambo, na hakuna wa kuuliza mnyama alichinjwaje. Boyne na James, madaktari waliochapisha taarifa ya upasuaji huu wa kuinua sainasi mwaka 1980, walitumia mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe.

Ila swali linalosahaulika ni hili: mfupa huo unakwenda kukaa wapi? Sainasi ikishainuliwa utando wake, inayobaki ni kama mfuko wenye kuta za mfupa hai pembeni na chini. Damu na seli zinatoka kwenye kuta hizo. Kazi ya kijazio ni kuushikilia utando usianguke mpaka mfupa mpya uingie. Fundi yeyote wa zege ataelewa: kokoto zinakaa, saruji inapita katikati na kushika. Mwaka 2004 Lundgren na wenzake wa Sweden walieleza wagonjwa ambao hawakuwekewa kijazio chochote. Utando uliinuliwa, vipandikizi vyenyewe vikaushikilia, damu ikaganda chini yake, na mfupa ukaota. Ikiwa damu tupu inaweza, hoja ya seli hai inapungua uzito, angalau mahali hapa.

Kuna takwimu moja huwa nairudia. Wallace na Froum, katika mapitio yao ya tafiti ya mwaka 2003, walikuta vipandikizi vilivyowekwa baada ya kuinua sainasi kwa kufungua dirisha kwenye mfupa wa pembeni vilidumu kwa wastani wa asilimia 91.8. Wastani huo unaficha mengi, kwa sababu tafiti zilitofautiana kuanzia asilimia 61.7 hadi 100. Pengo kubwa hilo! Mtu angetarajia waliotumia mfupa wa mgonjwa wakae juu na wengine chini. Sivyo. Kuwepo kwa mfupa wa mgonjwa hakukubadili matokeo. Kilicholeta tofauti ni vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza badala ya laini, chembechembe badala ya kipande kizima, na kulifunika dirisha kwa utando wa kutengenezwa. Shangazi hakuuliza hata kimoja kati ya hivyo, na mimi nisingeuliza.

Linalowatisha watu zaidi ni kwamba chembe za ng'ombe huonekana bado zipo miaka kadhaa baadaye. Mimi naona hiyo ndiyo faida yake. Mfupa wa mtu mwenyewe huliwa na mwili taratibu, kimo kikapungua. Za ng'ombe zinabaki zimeshikilia. Zimeshaondolewa protini kwa joto na kemikali, kilichobaki ni madini. Hatari ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe haiwezi kuitwa sifuri kinadharia, lakini nailinganisha na kidonda cha pili mdomoni na ganzi ya mdomo wa chini inayoweza kubaki.

Ng'ombe naye ana masharti: subira ndefu zaidi, mara nyingi miezi 6 hadi 9, na gharama. Na kwa meno ya mbele, pale ukuta wa mfupa ulipoanguka, ningemwelewa anayedai wake mwenyewe.

Shangazi sasa amebakiwa na swali moja, na ni zuri kuliko la kwanza. Utando wa kufunika dirisha mara nyingi hutengenezwa kwa nguruwe. Jumatatu anarudi kumwomba daktari amsomee maandishi ya kwenye pakiti.