Nyeupe ya Ndoo si Nyeupe ya Chokaa

Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna nyumba ya chokaa iliyopakwa upya hivi karibuni kwa rangi ya mafuta, na tangu ipakwe baraza za jirani hazina maneno mengine. Wapo wanaosema imependeza, wapo wanaosema imeharibiwa. Mwenye nyumba anajitetea kwa hoja moja tu: ilikuwa nyeupe, na bado ni nyeupe, sasa kosa liko wapi?

Mie niko upande wa wanaosema imeharibiwa. Lakini upande wetu umeshindwa kujieleza. Tunasema nyumba imepoteza haiba, tunasema inatia macho kiwi, kisha tunaagiza kahawa nyingine, na mwenye ndoo ya rangi ya mafuta anaondoka na ushindi wake. Hoja tunayo. Tunaitafuta kwenye rangi tu, nayo iko kwenye namna uso wa ukuta unavyourudisha mwanga.

Tuanze na jicho lenyewe. Kwa nyuma limetandazwa utando wa seli zinazopokea mwanga. Zile za kuonea gizani ni kama milioni 120, na zile za rangi, zinazoitwa koni, ni kama milioni 6 tu. Koni ziko aina tatu: moja inaitika zaidi kwa mwanga wa mawimbi mafupi, upande wa buluu, ya pili kwa mawimbi ya kati, ya tatu kwa marefu. Kanga zote za Darajani na machweo yote ya Forodhani yanatokana na kulinganisha aina hizo tatu. Mwanasayansi Mwingereza Thomas Young alilikisia jambo hili London mwaka 1802, wakati hakuna aliyekuwa na njia ya kuzipima seli hizo.

Haya wengi tumeyasoma skuli. Tusilolisoma ni kwamba ubongo hauridhiki na hesabu hiyo, kwa sababu haja yake ni kukijua kitu, na mwanga kwake ni njia tu ya kukifikia. Chukua bibi aliyevaa buibui jeusi anapita Forodhani saa sita mchana, na bwana mwenye kanzu nyeupe aliyekaa sebuleni, madirisha yamerudishwa nusu. Jua la adhuhuri huweza kumwaga luksi (kipimo cha mwanga unaofika mahali) 100,000. Sebule ile ikipata 300, imepata. Buibui likirudisha asilimia 5 tu ya jua lile, na kanzu ikirudisha asilimia 80 ya mwanga wa sebuleni, basi buibui linapeleka jichoni mwanga mara 20 zaidi ya kanzu. Na bado hakuna hata mtoto anayekosea lipi jeusi na ipi nyeupe. Ubongo kwanza unakisia mwanga ulioko mahali pale, unautoa kwenye hesabu, na kinachobaki ndicho unachokiona kuwa cheusi au cheupe.

Makisio hayo yanahitaji ushahidi, na ushahidi mwingi unatoka kwenye hali ya uso wa kitu: kimelowa au kikavu, laini au kimekwaruza, kinang'aa au kimefifia. Mtu aliyelitazama jambo hili kwa makini mapema kabisa ni mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo. Katika kazi yake kubwa juu ya uoni, iliyoandikwa nusu ya kwanza ya karne ya 11, aliorodhesha mambo 22 ambayo jicho huyatambua. Rangi ni moja tu kati ya hayo. Humo mna ukwaruzo na ulaini, kupenyeza mwanga na kuuzuia, kivuli na giza, hata uzuri na ubaya aliviweka. Leo miaka elfu imepita na sisi tunaingia dukani, tunafunguliwa kitabu chenye visanduku vya rangi, tunaweka kidole juu ya kimoja, na yale mambo 21 yaliyobaki tunamwachia fundi abahatishe.

Sasa tuutazame ukuta. Chokaa yetu ya asili ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanurini, kwenye joto la karibu nyuzi 900. Hewa ya ukaa inatoka, jiwe linabaki jepesi na kali, linatiwa maji, linachemka, linakuwa uji. Uji huo ukishapakwa unaanza kunyonya tena hewa ya ukaa, polepole, hadi unarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa mawe na chokaa uliopakwa chokaa umevaa kitu cha jamii yake. Juu yake kuna tabaka la vijifuwele vidogo sana, vyenye nafasi katikati. Mwanga ukifika haukuti uso ulionyooka wa kuurudisha. Unaingia kidogo, unagongana na vijifuwele, unatoka umetawanyika pande zote. Ndiyo maana ukuta wa chokaa, uutazame umesimama mbele yake au ukiwa ubavuni, unakupa weupe ule ule. Na kwa kuwa mwanga unatoka ndani kidogo, kingo za vivuli zinalainika, mikunjo ya mkono wa fundi aliyepiga lipu inaonekana bila kupiga kelele.

Rangi ya mafuta ina tabia nyingine. Ndani yake unga mweupe umezama kwenye gundi, na gundi ikikauka inaacha uso laini. Mwanga unagawanyika mara mbili: sehemu inaingia na kutawanywa na ule unga, hiyo ndiyo inayobeba rangi, na sehemu inarudishwa juu kwa juu kama ilivyokuja, ikiwa na rangi ya mbingu au ya taa. Ukisimama uso kwa uso na ukuta, sehemu hiyo ya pili ni kama asilimia 4 tu, huioni sana. Lakini ukiutazama kwa mshazari, tuseme jicho lako limeinuka nyuzi 10 tu kutoka usawa wa ukuta, inapanda hadi kupita theluthi ya mwanga wote unaofika.

Na Mji Mkongwe ni nani anayeutazama ukuta uso kwa uso? Vichochoro vyetu vingine watu wawili wakikutana mmoja humpisha mwenziwe. Ukuta unauona ubavuni, ukitembea, umbali wa mkono. Yaani tumejenga mji ambao kila ukuta unatazamwa kwa pembe ile ile inayoitia nguvu mng'ao. Rangi inayofaa kwa nyumba ya Mombasa Kwa Mchina, mtaa wa nje ya Mji Mkongwe, yenye uwanja mbele inakuwa balaa Hurumzi. Na ukitembea, mng'ao nao unatembea, unateleza juu ya ukuta pamoja nawe, na kuteleza huko ni moja ya dalili ambazo ubongo unazitumia kuamua kwamba kitu kinang'aa. Ukuta uliopaswa kukaa kimya pembeni sasa unakufuata.

Mzee mmoja fundi, aliyepiga chokaa nyumba nyingi za Mkunazini katika ujana wake, nilimuuliza anaionaje ile nyumba ya Kiponda. Aliitazama kidogo tu. "Mwanangu, huo si ukuta tena, hiyo sahani." Sijasikia maelezo bora zaidi. Hakugusa rangi hata kidogo, alitaja kitu gani jicho linadhani kimejengwa pale.

(Hapa niseme neno kuhusu simu. Mabishano haya siku hizi yanafanyika kwa picha kwenye kundi la WhatsApp, na picha ndiyo shahidi mbovu kuliko wote. Kamera inajirekebishia weupe yenyewe, tena picha haitembei, kwa hiyo mng'ao unaganda na kuonekana kama doa la mwanga tu. Anayetaka kubisha na aende Kiponda kwa miguu.)

Jambo la pili ni la majirani. Kichochoro hakipati jua ila dakika chache. Mwanga unaotufikia chini umedunda ukuta hadi ukuta, na kila ukuta unauongezea rangi yake kabla ya kuupitisha. Chokaa nyeupe inautawanya pande zote, nao unashuka hadi kwenye baraza. Ukuta uliong'arishwa unaupeleka zaidi upande mmoja, mara nyingi usoni mwa mtu. Ukuta uliopakwa kijani kikali unaipaka kijani nyumba ya mbele yake bila kumuuliza mwenyewe.

Jicho lina uvumilivu fulani kwa mwanga wa kudunda, na hili limepimwa. Mwaka 1999 watafiti Marina Bloj, Daniel Kersten na Anya Hurlbert walitoa katika jarida la sayansi la Nature jaribio la kadi iliyokunjwa katikati, upande mmoja rangi ya zambarau yenye wekundu, upande wa pili nyeupe. Wekundu ulidundia upande mweupe. Watu walipoiona kadi kama ilivyo, pande zimeelekeana, waliona ule upande mweupe una wekundu hafifu tu, kwa sababu ubongo ulielewa kwamba wekundu umeazimwa. Walipovalishwa kifaa kinachofanya cha karibu kionekane cha mbali na cha mbali kionekane cha karibu, kadi ikaonekana imekunjwa kinyume, kama paa, wakaona upande ule ule umekolea. Mwanga ulioingia jichoni haukubadilika. Kilichobadilika ni umbo, na rangi ikafuata umbo.

Kwangu hiyo ni habari ya kichochoro. Jicho linajua ukuta umekaaje, umeelekea wapi, jirani yake ni nani, ndipo linaamua weupe wake. Ukivuruga ushahidi kwa kuta zinazong'aa, zenye picha nusu ya mbingu na nusu ya nguo zilizoanikwa juu, jicho linapata kazi ngumu ya kutenganisha ukuta na vinavyoakisiwa ndani yake. Ile hali ya kuchoka macho ambayo wengi wanaisingizia jua, mimi naamini sehemu yake inatoka hapa.

Na kuhusu weupe wenyewe, bibi zetu walikuwa wajuzi kuliko mashine za kuchanganya rangi. Kanzu ya Idi ilisuuzwa kwa maji yaliyotiwa buluu kidogo. Nguo ilirudisha mwanga pungufu kuliko awali, maana buluu inameza sehemu ya mwanga, na bado ilionekana nyeupe zaidi, kwa kuwa umanjano wa pamba ya zamani ulifutika. Sabuni za siku hizi zina dawa inayopokea mwanga wa urujuanimno tusiouona na kuutoa kama buluu tunayoiona. Weupe una makabila yake, basi, na fundi anayesema "nyeupe ni nyeupe" hajawahi kumfulia mtu kanzu. Mashine ya dukani inalinganisha namba chini ya taa ya dukani, na rangi mbili zilizofanana chini ya taa ile zinaweza kuachana mkitoka nje juani.

Najua majibu. Chokaa inatoka, ukiiegemea kanzu inachafuka, baada ya masika inataka kupakwa tena, na mafundi wanaoijua wanapungua. Yote kweli. Familia yenye watu wanane na paa linalovuja haiwezi kuishi kwa ajili ya macho ya wapita njia, na simlaumu mtu aliyenunua kilichopo dukani kwa bei aliyoimudu. Lakini ndoo nayo ina gharama zake. Ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka ardhini na unahitaji kuyatoa. Ukiufunga kwa rangi isiyopitisha mvuke, unyevu na chumvi vinakusanyika nyuma yake, na rangi inavimba na kubanduka vipande vipande. Hesabu ya ndoo tuifanye kwa misimu kadhaa ya mvua, si kwa siku ya Idi.

Ninalolitaka ni dogo. Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na mazungumzo ninayoyasikia kuhusu kupaka nyumba yanaishia kwenye jina la rangi: nyeupe, maziwa, njano ya zamani. Yasiishie hapo. Kibali au ushauri wowote wa kupaka nyumba useme pia uso: ufifie, using'ae, upitishe mvuke. Ndani ya nyumba kila mtu apake anavyotaka, jiko lipakwe rangi ya mafuta, linasafishika. Upande wa kichochoro uwe wa chokaa, au angalau rangi iliyofifia kabisa, kwa sababu upande huo unatazamwa na mtaa mzima na ndio unaogawa mwanga kwa jirani.

Na kabla ya kununua ndoo kumi, fundi apake kipande cha mita moja ukutani penyewe, kwenye lipu ile ile, si kwenye ubao. Kiachwe kikauke vizuri. Kitazamwe asubuhi, adhuhuri na alasiri, na kila mara mtu apite ubavuni kwake akitembea, asisimame mbele yake. Mwenye nyumba ya mkabala aitwe naye atazame kutoka dirishani kwake. Wa Kiponda angefanya hivyo angeuona mng'ao siku ya kwanza, na pengine angepaka vile vile. Lakini tusingekuwa tunabishana kama nyeupe ni nyeupe.