Mshenga Aliyekuja na Deni

Mbwa wangu anaitwa Deni. Jina sikulitunga mimi, lilikuja naye. Kuna jamaa alinikopa elfu arobaini akanizungusha miezi saba, nikibisha hodi kwake watoto wanafundishwa kusema baba kasafiri. Siku ya mwisho akatokea mwenyewe mlangoni kwangu na kifurushi cha kanga kinacholia ndani kwa ndani. "Kaka, hela sina. Chukua huyu, mama yake ni mkali balaa." Mke wangu alipouliza nimeshika nini, nikamwambia, "Ni lile deni." Basi, ikawa hivyo.

Mama yake huenda kweli alikuwa mkali. Deni mwenyewe mgeni akifika anatingisha mkia mpaka kiuno kinamshinda. Mwizi akiingia kwangu usiku, naamini Deni ndiye atakayemwonesha televisheni ilipo.

Tunakaa Kirumba, Mwanza, huku juu kwenye mawe, nyumba zile ambazo ukuta wa nyuma ni jiwe alilolikuta babu wa babu na ukuta wa mbele ndio tofali zako. Ukishuka ngazi kidogo unafika kwa mzee mmoja mvuvi, anayevua sangara kwa migonzo. Kwa asiyejua, mgonzo ni kamba ndefu yenye vijikamba vingi vinavyoning'inia, na kila kijikamba kina ndoano yake. Asubuhi mzee anakaa uani anazipanga ndoano moja moja kwenye ukingo wa beseni ili zisije zikasukana. Kazi ya subira. Mimi ningeshaitupa ile beseni ziwani.

Jumamosi hiyo nilikuwa mshenga. Kijana mmoja tunayefanya naye kazi kwenye duka la vipuri vya mashine za boti aliniomba nikamsemee kwa wakwe, Nyegezi, saa nane mchana. Mshenga havai fulana. Suti sina. Ikabidi nikaazime koti kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye akikukaribisha chai anakumbuka umeweka sukari vijiko vingapi. Alinikabidhi koti lile kama mtu anayekabidhi gari. Akanionesha bitana haina doa. Akanionesha mifuko haina tundu. Akanionesha vifungo vitatu mbele, akavifunga na kuvifungua mbele yangu ili tusije tukabishana baadaye.

Saa tatu asubuhi nimeshavaa, tai shingoni, nashuka ngazi ili majirani wanione. Sikatai, hiyo ndiyo sababu. Saa nane ilikuwa bado mbali. Deni akanifuata.

Sasa kwenye beseni la mzee kulikuwa na ndoano moja iliyobaki na chambo cha jana, kambare mdogo aliyelala kwenye joto mpaka amebadilika rangi. Mimi harufu ile ilinipita juu ya pua nikakunja uso. Kwa Deni ilikuwa ni pilau la harusi. Kabla mzee hajasema "we mbwa!" kambare yuko mdomoni, na sekunde moja baadaye nikasikia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho.

Ndoano ilikuwa imepita kwenye mdomo wa juu, pembeni, ncha imetokeza nje inameremeta. Nikamrukia, nikamkumbatia kichwa kwa mkono wa kushoto. Akatikisa kichwa. Nikahisi kitu kimenivuta mkononi, nikaangalia: ile ncha imeingia kwenye mkono wa koti la shemeji, imepita kitambaa, imepita bitana, imetokea upande wa pili, na kale kamwiba ka pembeni kameshika barabara. Mzee akaja na kisu akakata kijikamba, akaokoa mgonzo wake kwanza. Halafu akasimama akatutazama.

"Bado nyie wawili," akasema.

Watu wakajaa. Sijui Kirumba watu hukaa wapi kabla ya tukio. Mama mmoja muuza dagaa akasema vuta kwa nguvu mara moja, kama jino. Kijana akasema mpe mafuta ya kula, italainika (kitu gani kitalainika, chuma?). Mwingine akataka aletewe tonge la ugali alimezeshe mbwa "lisukume". Ni mzee peke yake aliyesema neno: "Ndoano haitoki ilikoingilia. Mwiba wake unachana." Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia habari ya jino. Nikavuta kidogo kwa mkono wa kulia, na Deni, ambaye hajawahi kung'ata hata nzi, akanipata dole gumba.

Mzee akanyanyua kisu tena akaelekea mkono wa koti.

"Usikate!" nikapiga kelele. "Koti la shemeji!"

Wote wakaelewa. Kila mtu ana shemeji.

Tukakubaliana niende kwa daktari wa mifugo mjini. Nikapanda ngazi kwenda barabarani nimeinama, mkono wangu wa kushoto kwenye mdomo wa Deni, tunaenda hatua kwa hatua kama mzee na mjukuu wake. Akisimama nasimama. Kwenye jiwe moja akataka kukojoa, nikamsubiri nimeangalia ziwa kama mtalii.

Dereva wa bodaboda akaniangalia. "Baba, una nini?"

"Nina Deni."

"Sasa wenye madeni ndio siwabebi. Hela mbele."

Kumweleza jina la mbwa kulichukua dakika mbili, na alipoelewa akaongeza bei. Mimi elfu mbili, Deni elfu moja. Nikamwambia mtoto hupakatwa bure. Akasema mtoto hana meno manne ya namna hiyo. Nikalipa. Tukakaa hivi: dereva mbele, mimi nyuma, Deni katikati kwenye mapaja yangu, kichwa chake kwapani mwa dereva na mkono wangu ukimfuata kichwa. Kwa mbali tulionekana tumekumbatiana watu watatu wanaopendana sana. Pale mjini kwenye mzunguko wa Samaki, ile sanamu ya samaki nilikuwa naipita kila siku bila kuiwaza. Siku hiyo nilimwonea huruma.

Kwa daktari wa mifugo nilimkuta dada mmoja kijana, koti jeupe, buti za mvua. Hakucheka. Akamshika Deni taya, akachungulia mdomo mzima, akaniuliza kama nina uhakika hakumeza ndoano nyingine wala kipande cha kamba. Kamba ikionekana inaingia kooni, akasema, usiivute kamwe, maana hujui mwisho wake umeshika nini tumboni. Mlete mbwa na kamba yake. Nikasema nina uhakika, mzee alizihesabu ndoano zake mbele yangu. Hilo kweli alilifanya, hata kabla ya kunipa pole.

Halafu akanitazama mimi.

"Koti hili lina vifungo?"

"Vitatu."

"Vinafunguka?"

Nikakaa kimya.

Akafungua cha kwanza. Akafungua cha pili. Akafungua cha tatu. Akanishika bega, akanitoa mkono wa kulia, akanitoa mkono wa kushoto taratibu, nikawa nimesimama pembeni na shati langu, mtu huru, na koti limebaki kwa Deni. Kutoka Kirumba mpaka pale, mimi na mvuvi na mama wa dagaa na umati wote na dereva wa bodaboda, hakuna hata mmoja aliyefikiria kuvua koti.

"Watu wakiogopa hawafikirii," akasema dada daktari. Nadhani alikuwa ananistahi.

Akamchoma Deni sindano ya kumlegeza. Alipolala, akafanya kile alichosema mzee: hakuirudisha ndoano ilikoingilia. Aliisukuma mbele kidogo ili ipatikane nafasi, akakata ncha na mwiba wake kwa koleo, tki, kile kipande akakidaka kwenye kiganja, halafu shina lililobaki akalirudisha nyuma likatoka lenyewe kama sindano kwenye nguo. Koti nalo likaachiwa. Nikaliangalia kwenye mwanga: tundu mbili ndogo, na doa la damu mviringo kama sarafu ya mia. Na mate. Mate mengi.

"Na hilo dole?" akauliza.

"Amenikwaruza tu."

"Kakung'ata. Chanjo yake ya kichaa iko hai?"

"Iko. Alichanjwa 28 Septemba iliyopita, ile Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, walipochanja bure."

"Kadi?"

"Iko nyumbani."

"Basi kwa leo haipo. Nenda bombani, sabuni ile pale, maji yanayotiririka, dakika kumi na tano."

Nikadhani kakosea, anamaanisha moja na nusu. Alinitegea simu. Hivi umewahi kuosha dole gumba dakika kumi na tano? Dakika ya tatu limeshatakata kuliko siku niliyozaliwa. Dakika ya sita nikaanza kusoma bango ukutani, na ndipo nikajijua mimi ni mtu wa aina gani. Bango lilisema mbwa achanjwe kichaa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hapo nilipumua. Likasema 28 Septemba ndiyo tarehe aliyofariki, mwaka 1895, Louis Pasteur, Mfaransa aliyetengeneza chanjo hiyo. Sawa. Likasema mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali, usimpe mbwa. Deni kala mifupa ya kuku kila Krismasi. Likasema vitunguu vinamdhuru, chokoleti inamdhuru. Chokoleti kwangu haijawahi kubaki, lakini makombo ya rosti yenye vitunguu ndiyo chakula chake cha Jumapili. Likasema usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Nilikuwa na vidonge viwili mfukoni, mke wangu kanipa wakati natoka, "mpe kimoja, umeze kimoja". Likasema mbwa aliyeumia hung'ata hata mwenyewe, mfunge mdomo kwanza kwa kitambaa, na kama jeraha liko mdomoni mfunike kichwa kwa taulo. Hapo nikaangalia tai yangu. Ilikuwa imelowa maji ya bomba, haijamsaidia mtu yeyote tangu asubuhi.

Simu ikalia. Dada daktari akaniambia nikitoka hapo niende hospitali bila kupitia kokote, jeraha nisilifunge wala kulishona, na Deni nimwangalie siku kumi: akibadilika tabia, nimpigie. Na kadi ya chanjo niipige picha, ikae kwenye simu. "Simu hujawahi kuisahau nyumbani, au sio?"

Hospitali sitaisimulia sana. Nilichomwa ya pepopunda, nikachomwa ya kwanza ya kichaa cha mbwa, nikaandikiwa tarehe za kurudi. Muuguzi aliponiuliza "nani kakuuma?" nikasema "Deni," akaandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Niliporudi kumchukua ilikuwa saa nane kasoro. Kurudi Kirumba na kwenda tena Nyegezi haiwezekani. Deni ameamka nusu, macho mekundu, ulimi nje, anatembea kama mtu anayetoka kwenye kangara. Daktari akasema asipewe chakula mpaka aamke sawasawa, asikae juani. Nikakodi bajaji, nikamlaza kwenye kiti, nikavaa koti, nikageuza mkono wenye doa upande wa ndani, nikamwambia dereva Nyegezi.

Tulifika saa tisa kasoro robo. Wazee wa upande wa mke wamekaa chini ya mwembe, viti vimepangwa, na yule mzee wangu niliyetakiwa kuingia naye ananitazama kama nimeuza shamba la ukoo. Nikamwambia dereva aegeshe kivulini, asimwache mbwa ashuke. Nikaenda nikainama, nikasalimia "mwadila", nikaitikiwa vizuri. Mzungumzaji wao alikuwa babu mwembamba mwenye fimbo. Akaliangalia dole gumba. Akaliangalia koti. Hakuuliza kitu, mzee wa Kisukuma hakuulizi, anakusubiri.

Nilikuwa nimeshafika kwenye "tumeona ua katika nyumba hii" nikasikia bajaji inasema "we! we! we!" Deni ameshuka. Alikuja kwa mstari wake mwenyewe, kulia kidogo, kushoto kidogo, akapita katikati ya viti, akafika mpaka kwa babu mwenye fimbo, akajitupa juu ya miguu yake na kushusha pumzi ndefu kama mtu aliyefika kwao.

Kimya. Kuku mmoja akapita.

"Huyu ndiyo nini?" babu akauliza.

Na mimi, kwa uchovu, sindano mbili, njaa, na ile haya ya koti, nikafungua mdomo: "Mtusamehe sana baba. Ni Deni. Nimekuja na Deni."

Wazee wakatazamana. Yule mzee wangu akafumba macho. Babu akanyanyua fimbo, akaiweka wima katikati ya magoti, akaongea polepole ili waliokaa nyuma nao wasikie.

"Washenga wengine husubiri hata chai inywewe ndipo waanze habari za deni. Wewe umeanza nayo. Vizuri, unasema ukweli. Ila sisi ng'ombe wetu ni kumi na tano, waje kwa miguu yao, wote siku moja. Deni hatupokei."

Deni aliposikia ametajwa, akafumbua jicho moja, akatingisha mkia.