Mwambie Asitume Hela

Mtoto wako mkubwa, anayejitegemea, anakupigia simu kusema kazi imekwisha. Wengi wetu jibu tunalo mdomoni tayari: "Usijali mwanangu, Mungu atafungua mlango mwingine." Mimi ni mtu wa jumuiya na rozari, sina ugomvi na jibu hilo. Lakini usiku, wakati anajigeuzageuza kitandani, kinachomkosesha usingizi kijana wa Kitanzania aliyeachishwa kazi mara nyingi si huo mlango mwingine. Ni wewe mzazi wake. Ni ile laki na nusu anayokutumia kila mwisho wa mwezi, ni ada ya mdogo wake, ni dawa za presha za baba, ni mchango wa harusi ya binamu alioutamka mwenyewe mbele ya kamati, na katibu akauandika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na najua kuna wazazi wenzangu watanuna: ukitaka kumtia moyo mtoto aliyepoteza kazi, anza na mfuko wako. Kaa chini, piga hesabu alikuwa anakubebea nini, halafu mpigie wewe kabla hajakupigia yeye kuomba radhi. "Mwanangu, mwezi huu usitume kitu. Na ujao usitume. Tutakula tulichonacho." Mwambie wazi, kwa kinywa chako. Usimwachie akisie, maana hatakisia. Atakopa kwenye simu ili akutumie, na mikopo ile ya simu sote tunajua inavyodai.

Nayasema haya kwa sababu binti yangu wa kwanza alikuwa Shinyanga, kwenye mradi wa UKIMWI uliokuwa unafadhiliwa na Marekani. Kazi yake ilikuwa takwimu: kujua ni mgonjwa gani hakuja kuchukua dawa kliniki, kahamia wapi, nani amfuate. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Tarehe 24 ikatoka Washington amri ya kusimamisha kazi zilizokuwa zinaendelea. Huku kwetu watu waliisoma kwenye simu zao, wengine wakiwa bado vituoni na rejista mkononi.

Hakufukuzwa siku ile, na hapo ndipo palipokuwa pabaya. Aliambiwa akae nyumbani, likizo bila malipo, asubiri. Zikaja habari kwamba huduma za kuokoa maisha zimeruhusiwa, dawa za ARV zikiwemo, basi labda watarudi. Baadhi yao waliitwa, wengine hawakuitwa. Tarehe 10 Machi, Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akatangaza kwamba wamefuta 83% ya programu za USAID, shirika lao la misaada. Mradi wa binti ulikuwa humo.

Kwa wiki zile zote alikuwa si mwajiriwa, si mtu aliyeachishwa. Ukimpigia mtu wa namna hiyo kila jioni kumwuliza "Vipi, wameshasema?", unamlazimisha akujibu kila jioni kwamba hajui kesho yake. Nilikataza swali hilo nyumbani kwangu. Mzee wangu, yaani baba yake, alibishana kidogo, kisha akakubali. Tukawa tunampigia kuuliza mengine: mvua imenyesha huko? Yule mama mwenye nyumba amepona?

Hela ilikuwa na mlolongo wake. Mdogo wake yuko chuo Dodoma. Bodi ya Mikopo inamlipia sehemu ya ada na boom la kula na kulala, na kilichopungua alikuwa anakiziba dada mtu. Nilimwita kijana likizo ilipofika, nikamweleza mwenyewe, dada yake hayupo. Nilimwambia: kuanzia leo simu ya hela unapiga kwangu, kwa dada unapiga ya salamu. Aliuliza tutatoa wapi. Nikamwambia baadhi nitatoa kwenye kikoba, baadhi utaenda kumwona afisa wa wanafunzi uombe kulipa kwa awamu. Alikwenda, akakubaliwa. Sisemi kila chuo kitakubali. Ninachosema ni kwamba kijana wa miaka ishirini na ushei anaweza kwenda ofisini kujieleza, na sisi wazazi tumezoea kumtwisha mtoto wa kwanza mzigo wa wenzake mpaka tunasahau kwamba wenzake nao wana miguu.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi tunaliharibu kwa nia njema. Tunasema "Waachie Mungu, usigombane nao." Sikatai kusamehe. Ila sheria ina tarehe. Mtu anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, kuanzia siku ajira yake ilipokomeshwa. Zikipita, itabidi kwanza aanze kuomba radhi ya kuchelewa, na radhi hiyo si lazima aipate. Siku 30 za mtu aliyevurugikiwa hupita kama upepo, wiki ya kwanza ya kulia, ya pili ya kuhama nyumba, ya tatu ya kusikiliza mashangazi. Hapa mzazi ana kazi ya kufanya. Kaeni pamoja, msome barua. Imeandika sababu gani? Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28, au alipwe badala yake. Likizo ambayo hakwenda imelipwa? Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi mfululizo, isizidi miaka 10. Si hela ya kununua kiwanja, lakini ni yake. Watu wa miradi wengi wana mikataba ya muda maalumu, na huko mambo yana vipengele vyake, ndiyo maana nasema barua isomwe. Na hati ya utumishi aidai. Kule atakakokwenda wataiuliza.

Wakati binti yuko kwenye ile hali ya kusubiri, ndugu mmoja tunayemheshimu alimshauri aandike barua ya kuacha kazi mwenyewe, "uondoke kwa heshima." Maneno matamu, na hasara tupu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ina fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kupenda, analipwa 33.3% ya mshahara kwa miezi 6. Ukiacha kazi mwenyewe, fao hilo si lako. Theluthi moja ya mshahara kwa nusu mwaka inalipa kodi ya chumba na unga. Heshima ya barua ile ingelipa nini? Nilimwambia ndugu yetu hivyo hivyo, kwa adabu, na chai yake akaimaliza.

Baada ya hela na karatasi ndipo linakuja jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi: cheo chake nyumbani. Mtoto mkubwa akipoteza kazi, familia humshusha bila kupiga kura. Hakuna anayetamka. Unaona tu kwamba kikao cha mahari kimepita hakuitwa, kwamba mdogo wake ndiye anayeulizwa, kwamba yeye ndiye sasa anayetumwa sokoni kwa sababu "si yupo tu." Hilo la "si yupo tu" linauma kuliko barua ya mwajiri.

Nilijifunza kwa baba mkwe wangu, marehemu. Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipokuwa yanabinafsishwa, mume wangu alipunguzwa kiwandani hapa Morogoro pamoja na wenzake wengi. Tuliishi kwa mshahara wangu wa ualimu, na mshahara wa mwalimu siku zile msiniulize. Mzee akateremka kutoka Mgeta na gunia la viazi. Alikaa siku kadhaa, hakuuliza habari za kiwanda hata mara moja. Siku ya kuondoka, ameshavaa koti, mfukoni tayari ana nauli ya Chenzema, akamwambia mume wangu: "Posa ya dada yako ni baada ya mavuno. Msemaji wetu ni wewe. Jiandae, wale watu wana maneno." Basi. Kulikuwa na kaka zake wawili wenye ajira. Mzee aliwaruka wote akamchukua asiye na kazi akausemee ukoo. Mume wangu alikaa wiki nzima anafanya mazoezi ya hotuba uani, kuku wanamsikiliza. Posa ilikwenda vizuri, na wale watu kweli walikuwa na maneno.

Kwa hiyo binti aliporudi Morogoro na mabegi yake, niliyempokea stendi ya Msamvu ni mimi, na kesho yake nikamletea mafaili ya paa. Tulikuwa tunataka kubadili bati, fundi ametoa makadirio, mimi siyaelewi na mzee wangu haoni vizuri. Yeye ni mtu wa takwimu. Aliyapitia, akaenda sokoni Mawenzi kuulizia bei dukani, akarudi akasema fundi ameongeza kenchi ambazo nyumba haihitaji. Tulizipunguza. Alikuwa na chumba chake, na muda wake wa kutoka na kurudi sikuuliza. Mashangazi walitaka ashinde dukani kwa mmoja wao "asikae bure." Niliwaambia kama wanamtaka kazi wamwite wamwambie mshahara ni kiasi gani. Hawakumwita.

Kuna na suala la ndoa. Mtoto wa kiume akipoteza kazi huambiwa awe mwanaume, wa kike huambiwa sasa ni wakati wa kuolewa, kana kwamba mume ni fao la NSSF. Sitapoteza aya hapa.

Kitu ambacho wazazi wa rika langu hatukielewi vizuri ni hesabu za ajira zenyewe. Sisi tulimaliza chuo tukapangiwa vituo. Ndiyo maana tunauliza "Mbona mtoto wa fulani amepata?" Mwaka 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Tukasema ni ajabu. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, ilikuwa na nafasi 1,596 na waombaji wakazidi 130,000, watu zaidi ya 80 kwa kila kiti. Mtoto wako akikosa hapo, hajakosa kwa sababu hakuamka mapema kuomba. Na nyuma ya mtoto wa fulani aliyepata, ukichunguza, wapo 79 na zaidi waliokosa, ambao mama zao wanawauliza kama unavyomwuliza wako. Na waliotoka kwenye miradi mwaka ule walitoka wote kwa mpigo, wauguzi, madereva, wahasibu, watu wa takwimu, wote wanagonga ofisi zile zile chache.

Ndiyo maana kazi ndogo ikipatikana, mzazi asiwe wa kwanza kuicheka. Binti sasa anashika stoo na hesabu za dawa kwenye duka moja la jumla hapa mjini. Mshahara haufiki nusu ya ule wa Shinyanga. Siku ya kwanza alirudi akalalamika kwamba daftari la stoo linaandikwa na watu watatu kwa kalamu za rangi tatu, na hakuna anayejua panadol zimebaki boksi ngapi. Alilalamika karibu saa nzima. Nilifurahi sana, maana kwa miezi hakuwa amelalamika juu ya kitu chochote, alikuwa anasema "sawa tu, mama."

Ndugu wamesema ameshuka. Mmoja alisema hivyo mbele yangu kwenye kipaimara, sahani ya pilau mkononi. Nikamwuliza kama yeye anayo nafasi ya juu zaidi ya kumpa. Hakuwa nayo.

Mwezi wa kwanza wa mshahara huo alinitumia elfu ishirini. Nilitaka kuirudisha, mzee wangu akanizuia. Alisema tulimwambia asitume alipokuwa hana, sasa anacho kidogo na ametaka mwenyewe, ukiirudisha utakuwa umemwambia bado ni mgonjwa. Nikaona ana hoja. Tulinunua mafuta ya taa na sukari, nikampigia kumshukuru kama ninavyomshukuru mtu mzima yeyote.

Kuhusu mbele, tuna mawazo tofauti. Yeye anasema miradi basi, anataka kusomea ugavi jioni na abaki kwenye biashara ya dawa. Mimi ningependa aombe serikalini, matangazo mengi yanataka mtu asiyezidi miaka 45 na yeye bado ana muda wa kutosha. Nina tangazo moja la Sekretarieti ya Ajira nimelihifadhi kwenye simu. Hajaniuliza, kwa hiyo bado liko kwenye simu.